Meza Kuu ya Darasa la Pili

Nchi hii si yetu. Naanza na hilo mapema ili tusije tukagombana njiani. Ni nchi ya jirani wa jirani yetu, na habari zake nami nimesimuliwa tu. Msomaji akiona mahali pamefanana na kwao, ajue duniani wawili wawili.

Katika nchi hiyo kila jambo lilikuwa na meza kuu. Harusi ilikuwa na meza kuu, mkutano wa wafuga kuku ulikuwa na meza kuu, na kisima kikizinduliwa meza kuu iliwekwa juu ya mfuniko wake, mtu asichote maji mpaka hotuba ziishe. Kwenye kila meza kuu palikuwa na kiti cha mgeni rasmi, na mgeni rasmi kwa kawaida hakuja. Alikuwa na majukumu mengine ya kitaifa. Alimtuma mwakilishi, mwakilishi akasoma hotuba kwa niaba yake, watu wakapiga makofi, wakala pilau, wakarudi makwao. Wapo wanaosema waziri mmoja alipofariki alizikwa naibu wake kwa niaba yake, lakini hilo mimi siliamini, watu wana midomo.

Sasa, huko mashambani palikuwa na mwalimu wa darasa la pili, jina lake Stumai. Mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mkaidi wa roho. Darasani kwake watoto walikuwa wengi kuliko madawati, na madawati yalikuwa mengi kuliko nafasi. Lakini Mwalimu Stumai alikuwa na jicho la mpangilio. Alikataa ile mistari iliyonyooka ambayo wa nyuma hulala na wa mbele hujibu. Madawati aliyapinda nusu duara kuuzunguka ubao, akaacha vijia vya kupita ili amfikie kila mtoto kabla hajaanza kuchora kaptura ya mwenzake. Wafupi mbele, warefu pembeni. Wapiga soga aliwatenganisha, kila mmoja akamkalisha na mkimya. Kwenye kona alipanga makasha ya sabuni yakawa kabati, na juu ya kamba ya katani alining'iniza maneno aliyoyaandika kwenye maboksi ya biskuti: baba, kuku, ugali, shoka.

Karibu kabisa na ubao alikaa Zamda. Huyu homa ilimwachia masikio mabovu tangu akinyonya, basi alisikia kwa macho: alimtazama mwalimu mdomoni. Mwalimu Stumai alipogundua hilo alijifunza adabu mpya. Akiandika, ananyamaza. Akimaliza, anageuka, ndipo anasema. Taratibu mtoto akaanza kuunga silabi, na jioni akawa anamsomea mama yake maneno yaliyoandikwa kwenye mifuko ya unga. Mama Zamda, aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga pale njia panda, aliwasimulia wateja mpaka wakachoka.

Na kusoma haikuwa jambo la kujifurahisha tu. Wizara ya nchi hiyo ilitaka kila mtoto wa darasa la pili ajue kusoma, na njia iliyoiona ya haraka ilikuwa kuwaondoa wasiojua. Mtoto aliyeshindwa kusoma ifikapo Siku ya Madarasa alihamishiwa Darasa la Kungojea. Hili lilikuwa banda nyuma ya shule, halina ubao, halina mwalimu, na waliokuwamo hawakuingizwa kwenye takwimu. Kazi yao ilikuwa kungojea. Wangoje nini, hakuna aliyewaambia.

Basi mwaka huo Wizara ya Elimu, Adabu na Mapokezi ikataka kujua kwa nini watoto hawasomi. Wataalamu walipelekwa hotelini wakakae watafakari. Walikula kamba, wakatafakari, wakaona tatizo haliwezi kuwa vitabu, maana vitabu havikuwapo, na kitu kisichokuwapo kitaletaje tatizo? Tatizo, walisema, ni mpangilio wa madarasa. Na hapo tuwape haki yao, jamani, waliigusa kweli. Waliigusa wakaipita.

Mwongozo mpya ulifika wilayani mikononi mwa Bwana Lihanda, Afisa Itifaki wa Elimu. Huyu alivaa suti hata jua likiwa utosini, na shingoni alitundika utepe wa kupimia kama fundi cherehani. Alisimama mlangoni kwa Mwalimu Stumai, akatazama ndani, akasikitika kwa ulimi.

"Mwalimu, darasa ni taswira ya taifa. Taifa lina mbele na lina nyuma. Hapa naona nusu duara. Katika nusu duara, wa mbele ni nani?"

"Wote, mheshimiwa."

"Ndiyo hatari yenyewe hiyo."

Akavua koti, maana kazi ni kazi, akaanza kupima. Mbele ya ubao ikawekwa meza kuu, kitambaa cheupe, maua ya plastiki marefu na chupa za maji. Nyuma ya meza vikapangwa viti: cha mgeni rasmi, cha katibu wake, cha mlinzi wake, na kimoja kilichobaki Mwalimu Stumai akauliza ni cha nani.

"Cha mkoba wa mgeni rasmi."

"Mkoba nao unakaa?"

"Utaweka mkoba wa kiongozi chini, Mwalimu? Mbona unanitisha?"

Kisha wakapangwa watoto. Bwana Lihanda hakuuliza nani mfupi wala nani haoni. Aliuliza baba yako nani. Mtoto wa mwenyekiti wa kijiji, Tindwa, jitu la mtoto, akawekwa mbele katikati, na waliokaa nyuma yake wakaonana na kisogo chake kuanzia siku hiyo. Wakafuata wa wenye maduka, wakafuata wa wenye pikipiki, na mwisho kabisa, pale bati linapovuja, wakawekwa wananchi wengine. Zamda alibeba mkoba wake wa kiroba akaenda kukaa huko.

"Mheshimiwa," Mwalimu Stumai akasema, "huyu mtoto hasikii vizuri. Akikaa nyuma hatapata kitu."

"Mama yake anafanya kazi gani?"

"Anauza mihogo."

"Basi amekaa sawasawa." Akaukunja utepe wake. "Itifaki imezingatiwa."

Na ile nusu duara ikafa. Maneno yaliyokuwa kwenye kamba yaliondolewa kwa kuwa yangemchanganya mgeni rasmi. Mwalimu Stumai alisimama pembeni, kama mwongozo ulivyotaka, akiandika kwenye kipande cha ubao kilichochungulia juu ya maua. Wa mbele waliona nusu ya somo. Wa nyuma waliona wa mbele. Viti vya meza kuu vilikaa vitupu wiki baada ya wiki, na kila asubuhi watoto walisimama na kuviambia, "Shikamoo, mgeni rasmi," maana hilo nalo lilikuwa kwenye mwongozo.

Zamda akaanza kurudi nyuma. Daftari lake, lililokuwa limeanza kuota maneno, likaota michoro ya visogo. Alipoitwa asome, alitazama huku na huku kutafuta mdomo wa mwalimu, akakosa, akakaa.

Mama yake akaja shuleni na sinia lake la mihogo kichwani. Hakusalimia sana.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, Mama Zamda."

"Mwanangu alikuwa ananisomea unga. Sasa ananiambia mama, herufi zimeondoka. Zimeondoka zimekwenda wapi? Watampeleka bandani kule akangojee, Mwalimu, na mimi nina mtoto mmoja tu huyu."

Mwalimu Stumai alinunua mihogo ambayo hakuitaka, akaila huku machozi yakimlengalenga, halafu akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu, mzee Kasulwa, alikuwa mtu mwema wa kulialia, aliyebakiza muda mfupi astaafu na aliyekuwa akiuvuka kwa kunyata.

"Mwalimu Stumai, mwanangu, nakuelewa. Mpaka moyoni nakuelewa. Lakini usinieleweshe kwa sauti, ukuta huu ni mwembamba."

"Meza ile inafundisha nani, mzee?"

"Haifundishi mtu. Lakini na sisi nani alitwambia tunafundisha? Sisi tunapokea wageni."

"Wageni wenyewe hawaji!"

"Alhamdulillahi," akasema mzee Kasulwa. "Wangekuja je?"

Usiseme hakuna mtu anayelala na jambo akaamka na dawa yake. Bwana Lihanda alipokuja kukagua tena, alimkuta Mwalimu Stumai mpole kama maji ya mtungini. Alimkaribisha kiti, akampa soda, akamwita mheshimiwa mara mbili zaidi ya ilivyohitajika, na mzee Kasulwa akiwa pale pale anasikiliza, akamwomba amfundishe itifaki, kwani yeye ni mtu wa chaki tu. Hakuna kitu Bwana Lihanda alikipenda kama kufundisha itifaki. Alijinyoosha.

"Mheshimiwa, mgeni rasmi asipokuwepo inakuwaje?"

"Anawakilishwa. Kiti cha mgeni rasmi kukaa kitupu ni aibu, kusema kweli. Ni vile tu hamjazoea kuniuliza."

"Na mwakilishi anateuliwa na nani?"

"Na mwenye shughuli."

"Darasani mwenye shughuli ni nani?"

"Mwalimu wa darasa, hilo nalo linaulizwa?"

"Na mwakilishi akishakaa, nani anaweza kumwinua?"

Bwana Lihanda akaiweka soda chini. "Kumwinua? Salaale! Kumwinua mwakilishi ni kumwinua aliyewakilishwa. Mimi mwenyewe siwezi. Nani anataka kumwinua Waziri?"

"Hakuna, mheshimiwa," akasema Mwalimu Stumai. "Tumefahamu."

Mzee Kasulwa alimtazama mwalimu wake, akaona kitu machoni mwake, akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli bustanini.

Kesho yake asubuhi Mwalimu Stumai aliwasimamisha watoto, akakohoa kama wakubwa wanavyokohoa, akatangaza kwamba kwa mamlaka aliyopewa anamteua Zamda kuwa mwakilishi wa mgeni rasmi hadi hapo mgeni rasmi atakapopata nafasi. Watoto wakapiga makofi, maana walikuwa wamezoea. Zamda akatoka kwenye bati linalovuja, akapita katikati ya wenye pikipiki na wenye maduka, akaenda kukaa kwenye kiti cha Waziri wa Elimu, Adabu na Mapokezi. Miguu haikufika chini. Kiti kiligeuzwa kikatazama ubao, kwa kuwa mwakilishi, alieleza Mwalimu, amekuja kukagua ubao. Na maua yakapelekwa dirishani, kwa kuwa mwakilishi yanampigisha chafya.

Kiti cha katibu akapewa mvulana asiyeona mbali. Cha mlinzi akapewa yule anayesinzia, maana mlinzi lazima akae macho. Cha mkoba akapewa binti mmoja mwenye kigugumizi, aliyesema kwa shida kwamba hajawahi kukaa mahali pazuri namna ile.

Lakini tangu lini kiongozi akasafiri na watu wachache? Mgeni rasmi ana msafara. Wiki iliyofuata madawati ya nyuma yakavutwa mbele yawe msafara wa mgeni rasmi, nusu mkono wa kulia, nusu mkono wa kushoto, na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo msafara ukabidi upinde kidogo. Vikaachwa na vijia, vya pikipiki za kusafisha njia, alisema Mwalimu, na katika vijia hivyo akawa anapita yeye na chaki yake. Tindwa mtoto wa mwenyekiti alijikuta amebaki peke yake katikati ya darasa, mbele ya wananchi ambao hawakuwapo. Alivumilia siku moja tu.

"Mwalimu," akalia, "na mimi nataka kuwa msafara!"

Akawa gari la wagonjwa, mwisho kabisa pembeni, asimzibie mtu.

Bwana Lihanda alipochungulia aliona meza kuu iliyojaa hadi ukutani. Aliduwaa. Katika wilaya nzima hakuwahi kuona darasa lenye waheshimiwa wengi kiasi hicho. Aliwasalimu mmoja mmoja kwa vyeo vyao, mpaka gari la wagonjwa, na kipindi kikaisha. Akaandika wizarani kwamba darasa la mfano limepatikana na Waziri aje kuliona Siku ya Madarasa. Wizara ikajibu kwamba Waziri atakuja. Hapo kila mtu akajua hatakuja.

Zamda huku nyuma alikuwa anakula herufi kama karanga. Alipotoka kwenye silabi aliingia kwenye maneno, na kwenye maneno akaanza kuingia kwenye sentensi, akikwama, akirudi, akikwama tena. Mwalimu Stumai alimwona akisoma maneno kwenye chupa ya maji ya mgeni rasmi hadi yale madogo ya chini. Moyo wake ulifurahi, ukaogopa pia. Kusoma chupa ni kitu kimoja, na kusoma mbele ya watu ni kingine.

Siku yenyewe ikafika. Turubai likafungwa, meza kuu ya darasa la mfano ikahamishiwa chini yake pamoja na chupa, viti na waliovikalia, ngoma zikapigwa, wazazi wakakaa juani kwa kuwa turubai lilikuwa la wageni. Waliokuwa Darasa la Kungojea walikalishwa bandani kwao na kuambiwa wasionekane, nao wakachungulia kati ya miti ya banda. Watu walingoja mpaka kivuli cha nguzo ya bendera kikahama upande. Hatimaye gari likaja, akashuka dereva, peke yake, na bahasha ya kaki.

"Waziri ana majukumu mengine ya kitaifa," dereva akasema. "Kaleta hotuba."

Bwana Lihanda alikuwa ameshavaa miwani. Suti mpya, koo limesafishwa kwa tangawizi. Aliinyooshea mkono bahasha, na Mwalimu Stumai akasimama.

"Samahani, mheshimiwa. Mwakilishi wa mgeni rasmi yupo."

"Yupo wapi?"

"Pale kwenye kiti chake. Ameteuliwa kitambo. Umemsalimu mwenyewe."

Watu wakageuka kumtazama mtoto wa muuza mihogo. Bwana Lihanda akacheka kicheko kisichofika masikioni. "Mwalimu, tusifanye mchezo. Yule ni mtoto. Ainuke."

Sauti ndogo ikatoka nyuma ya turubai, ya mzee Kasulwa. "Mheshimiwa... ulisema mwenyewe, nikiwepo. Kumwinua mwakilishi ni kumwinua Waziri."

Dereva wa Waziri akatoa simu mfukoni akaanza kuangalia kwa makini nani anataka kumwinua Waziri. Bwana Lihanda alibadilika rangi. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo Mwalimu Stumai hakulipenda.

"Vyema. Itifaki ni itifaki. Asome. Na kwa kuwa leo ni siku ya kupima, huo ndio uwe mtihani wake. Akishindwa, anakwenda Darasa la Kungojea sasa hivi, na mwalimu wake akamsindikize, wakangojee wote."

Mama Zamda akashika kichwa. Mwalimu Stumai alitembea mpaka kwa mtoto, akainama mbele ya uso wake, akasema polepole, "Soma kilichoandikwa. Chote. Usiruke." Akampa karatasi.

Zamda akasimama juu ya kiti. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Ndu-gu wa-nanchi wa. Weka jina la mahali." Akavuta pumzi. "Nime-furahi sana kufika hapa mimi mwenyewe. Subiri makofi."

Akasubiri. Watu hawakujua la kufanya, wakapiga makofi.

"Nimetembelea madarasa yenu yote mapya. Kama hakuna mapya, sema yanakuja. Nimeona kwa macho yangu watoto wenu wanavyosoma. Tabasamu." Akatabasamu, mapengo yote nje. Kicheko kikaanza kwa akina mama wa nyuma, kikasambaa. "Serikali inawa-penda. Piga meza." Akapiga meza.

"Basi, inatosha!" Bwana Lihanda akasema, lakini alisimama nyuma yake, na Zamda hakumsikia.

"Watoto wote wa wilaya hii wanajua kusoma. Usitaje Darasa la Kungojea. Mtu akiuliza, kunywa maji."

Kicheko kikakatika. Zamda akainua macho, akaona watu wote wamegeuka kutazama bandani, akadhani wanauliza. Akafungua chupa ya mgeni rasmi, iliyokaa mezani tangu mwongozo uletwe, akanywa maji. Kisha akarudisha kidole chake kwenye karatasi.

"Ahsanteni kwa kuni-sikiliza. Ondoka haraka."

Akashuka kwenye kiti, akakaa, kwa kuwa hakuandikiwa aondoke aende wapi. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Zamda alikuwa akilia wazi wazi, anamshika kila aliyekaa karibu naye: "Ni wangu huyo. Amesoma yote. Si mmesikia amesoma yote?"

Bwana Lihanda akaipokonya karatasi. Dereva alikuwa bado ameshika simu. Bwana Lihanda alisimama mbele ya watu wote akauliza kama mtu anayeuliza nani kafungulia mbuzi waingie shambani:

"Nani? Nani amemfundisha mtoto huyu kusoma?"

Wazazi wakatazama chini. Mzee Kasulwa akatazama bustani yake. Mwalimu Stumai alijua jibu hilo linaweza kumpeleka wapi. Akasimama.

"Mimi, mheshimiwa. Na wale wa bandani naanza nao Jumatatu."

Watu wakageukia bandani. Walioambiwa wasionekane walikuwa wamesimama wote, wameshika miti ya banda, na mmoja wao, mrefu, sauti imeshaanza kuvunjika, akapaza:

"Jumatatu saa ngapi, Mwalimu?"